Kivuli cha Upande wa Kushoto

Mimi ndiye hapana yao. Sikuzaliwa hivyo. Nilizaliwa mtoto wa Bi Mwanakheri, nikapewa jina, nikaitikia jina hilo mpaka siku ya mkutano mkuu wa Chama nilipoinua mkono na kuuliza swali la maneno matatu. Swali hilo limenila uso, limenila jina, limenila mama yangu mzazi, na mpaka leo hakuna aliyenijibu. Basi nitasimulia mwenyewe, na sitasimulia kwa upole. Anayetaka upole akausome kwenye ilani ya Chama, umejaa tele.

Kwanza ieleweke Dola yetu ikoje. Wapiga kura wake ni mia moja. Hawaongezeki, hawapungui. Watu wengine wapo, wengi tu, wanalima, wanazaa, wanagombana na majirani, lakini vidole vya kupigia kura ni mia, na kidole hurithiwa. Mtu akifa, kabla hajaoshwa, ndugu yake mmoja hukishika kidole chake cha shahada, akakipaka wino, kisha akaupaka wino huo huo kwenye kidole chake mwenyewe. Tangu hapo yeye ndiye mpiga kura. Wengine wamerithi kidole na hawakurithi hata kikombe.

Halafu jua. Jua letu halitembei. Tangu Mwenyekiti Lugome ashike kiti, limesimama utosini, saa sita za mchana, siku zote. Wapo wanaosema aliliamuru, wapo wanaosema lilimwogopa. Saa zote za Dola zilisimama siku hiyo hiyo, na Mzee Kibwana, fundi saa wa mtaani kwetu, akafunga kibanda chake akabaki kukaa barazani na mikono isiyo na kazi. Miaka hatuihesabu, tunahesabu chaguzi. Ukimuuliza mtu umri wake atakwambia, nimezaliwa kati ya wa pili na wa tatu. Na kwa kuwa jua liko utosini, hakuna mwenye kivuli. Cha kila mtu kimejikunja chini ya nyayo zake na yeye anakikanyaga. Katika Dola nzima kilibaki kivuli kimoja tu, nacho ni mimi.

Lugome alikuwa rafiki yangu. Naliandika neno hilo na mkono wangu unakataa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kadi ya kwanza ya Chama tuliiandika wawili, kwa kalamu moja, tukipokezana kwa sababu wino ulikuwa unakatika. Siku ya mkutano mkuu iliamuliwa kwamba mgombea atakuwa mmoja, yeye. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nami nilipiga. Kisha, sijui shetani gani alinipitia, nikainua mkono.

"Na wakisema hapana?"

Makofi yalikatika. Lugome alinitazama, akatabasamu lile tabasamu lake la kuonyesha meno ya juu tu.

"Swali zuri, ndugu yangu," alisema. "Sheria inataka watu wachague. Basi wachague. Karatasi itakuwa na picha mbili. Kulia nitakaa mimi. Kushoto utakaa wewe, uwe hapana yao."

Nilidhani ananipa heshima! Nilinyoosha kola ya shati langu. Tulipigwa picha bega kwa bega, na picha ilipoletwa, Katibu wa Chama, Bi Chiku, mwanamke mwembamba mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika Dola, alikuja na kikopo cha masizi yaliyokorogwa na mafuta ya nazi. Alikishika kikopo, Lugome akashika brashi. Akanipaka mbele ya mkutano mzima, akianzia machoni. Kila alipopaka, walipiga makofi. Alipomaliza, kushoto kwake palikuwa na kichwa na mabega meusi tii, bila pua, bila mdomo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa safu ya mbele nikijishika mashavu.

Sheria ya Kivuli ilisomwa papo hapo. Kivuli hana jina, na atakayelitaja atahesabiwa kuwa amemfanyia kampeni. Kivuli hasemi hadharani wala hapigi kura. Siku ya matokeo ataketi kwenye kigoda, kushoto kwa Mwenyekiti, na haruhusiwi kusimama mpaka mstari wa mwisho wa hesabu usomwe. Jina langu lilipakwa masizi katika kila daftari. Alipozaliwa binti yangu Zamda, kwenye cheti chake, mahali pa jina la baba, walipaka vilevile. Mama yake alikitazama cheti kile, akafunga mizigo yake, akaniachia mtoto. Simlaumu. Nani anataka kuolewa na doa?

Uchaguzi wa kwanza Lugome alipata kura tisini na saba. Mimi nilipata tatu.

Mtu mwenye akili timamu angeagiza pilau. Lugome hakuwasikia wale tisini na saba. Aligeuka kwenye kiti, akamwinamia Bi Chiku, na mimi niliyekuwa pale ubavuni nilisikia kila neno.

"Hao watatu ni nani?"

"Tutawajua, Mwenyekiti."

Bi Chiku hakuhitaji mpelelezi. Aliwapanga wapiga kura wote kiwanjani, akawaambia wanyooshe mikono. Aliyempigia Kivuli, alisema, hukificha kidole kiganjani bila kujijua. Wawili walikificha, na walipoguswa bega walipiga magoti wakaomba radhi, wakasamehewa. Wa tatu hakuficha kitu. Wa tatu alikiinua kidole juu ya kichwa, wino ukimetameta juani, na alikuwa mama yangu.

Hakuomba radhi. Hukumu yake iliandikwa kwa ule mwandiko mzuri: asimame kiwanjani, kidole juu, mpaka kivuli chake kitokeze.

Na jua lilikuwa utosini. Jua lisilotembea!

Nilikuwa kwenye kigoda. Ningesimama, lakini hesabu haikuwa imekwisha. Bi Chiku alikuwa ameuacha mstari mmoja bila kuusoma, mstari wa mwisho, ule unaosema tu kwamba hesabu imekamilika, akaushikilia kwa kidole gumba kwenye karatasi. Nilikitazama kile kidole gumba. Nilimtazama mama. Sijui alisimama muda gani, maana katika nchi isiyo na jioni hakuna wa kukwambia umekaa sana. Namkumbuka akibadilisha mguu. Namkumbuka akimwambia askari, kwa adabu kabisa, asogee kidogo, anamzibia upepo. Alipoanguka aliniita kwa jina. Watu mia walilisikia jina langu, watu mia walitazama pembeni, mmoja akakohoa. Ndipo Bi Chiku alipousoma mstari wa mwisho, nami nikasimama, nikaenda kumfunika kwa kanga yake mwenyewe.

Kidole chake hakikuwa na mrithi, kwa kuwa Kivuli hapigi kura. Niliuweka wino wake katika kichupa cha uturi, nikamngojea Zamda akue aurithi. Muda wote huo Bi Chiku alipiga kura kwa niaba ya marehemu, na marehemu akawa mfuasi mkubwa wa Chama.

*

Nimefikiri sana kuhusu hapana. Sina kazi nyingine. Ndiyo ina uso, ina wimbo wake, ina kofia na kanga zinazogawiwa uwanjani, ina mtu wa kuishukuru. Hapana haina hata mkono wa kuinua. Mtu huja nayo kituoni akiwa ameifumbata, huingia kwenye kile kibanda cha pazia, huiweka mahali peusi, hutoka akiwa mtu yule yule, anawasalimia makarani, anauliza habari za watoto. Sasa hiyo hapana imekwenda wapi? Imekaa ndani ya nani? Nilijibu swali hilo kwa kujigusa kifua. Imekaa ndani yangu mimi. Kila kura ya Kivuli niliihisi ikiingia, kwenye mbavu, chini ya kucha, na ilinijaza. Sikula sana miaka ile, kama ilikuwa miaka. Nilikula kura.

Nilimchukia Lugome kwa mishipa yote. Nilimchukia akila, nilimchukia akikohoa, nilimchukia hata alipomfutia mtoto wa mtu kamasi mbele ya wapiga picha. Na kigoda kile walichonipa ili niaibike kilikuwa mahali pazuri kuliko pote katika Dola pa kumtazama mtu akianguka taratibu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho likianza kutoka nyuma ya sikio.

Uchaguzi wa pili nilipata tano. Wa nne, kumi na mbili.

Chama kilifanya kila kiwezalo. Kilisema watu hawamwoni Mwenyekiti vizuri, kikaikuza picha yake kwenye karatasi ya kura. Lakini sheria waliyoiandika wenyewe ilitaka picha mbili ziwe sawa kwa ukubwa, na Kivuli nacho kikakuzwa. Uchaguzi uliofuata wakakuza tena. Ikafika mahali karatasi inakunjwa mara nne kama shuka, na nusu yake ni nyeusi. Na yule wa kulia alikuwa Lugome wa zamani, kijana mwenye nywele na shingo nyembamba, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amezeeka. Watu walikuwa wakimwona mzee jukwaani, kisha wanapewa kijana kwenye karatasi, wanajiuliza huyu ni nani. Mimi niliyepakwa masizi sikuhitaji kupigwa picha mpya.

Wa sita, ishirini na tisa.

Baada ya huo jua lilisogea. Kidogo tu, upana wa kidole, lakini watu waliona vivuli vyao vikitokeza chini ya nyayo, vifupi, na wanawake sokoni walirukaruka kuvikwepa. Mzee Kibwana alifungua kibanda chake. Saa moja ya ukutani ilipiga mara mbili ikanyamaza, na yeye akakaa kwenye benchi akalia bila kujificha. Lugome alitoka barazani, akaliangalia jua, akatazama chini, akaona chake kimelala kwenye ngazi. Alirudi ndani haraka, na mimi niliyeona nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilimwambia mama, huko aliko, asubiri kidogo tu.

Wa saba, arobaini na mbili. Arobaini na mbili! Nilitamani kuilamba namba ile. Niliirudia njiani, niliirudia nikivua viatu. Nikiwa kigodani nilimsikia Lugome akipumua kama mtu aliyebeba gunia, na sikumwonea huruma hata chembe.

*

Zamda alinikuta nikicheka peke yangu. Yeye ni mpambaji wa maharusi, anachora hina na piko, na vidole vyake siku zote vina weusi kwenye kucha. Ameshawachora maharusi wa mtaa mzima, yeye mwenyewe bado. Mara mbili alichumbiwa, mara mbili kadhi alifungua kitabu akauliza, Zamda binti nani? Na mara mbili alikifunga, akasema hawezi kuozesha binti wa doa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umesikia? Arobaini na mbili! Bado tisa tu, tisa, nimkalishe Lugome mavumbini. Watu wananipenda, Zamda."

Alivua mtandio, akaukunja polepole.

"Wanakupigia wewe, baba?"

"Sasa wanampigia nani?"

"Kamuulize Mzee Kibwana. Yeye mle kwenye weusi anaziona saa zake. Bi Radhia anamwona mumewe, yule aliyepelekwa semina mpaka leo semina haijaisha. Muuza samli anamwona ng'ombe wake. Kila mtu mle ana wake."

"Waongo hao. Uso uliopakwa ni wangu."

"Wa kwako, ndiyo. Lakini umepakwa, baba. Hauonekani. Ndiyo maana wengine wanapata nafasi ya kuingia."

Maneno yale yalinichoma zaidi ya nilivyopenda kukiri. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chaguzi saba nikidhani ninajengwa, kumbe mimi ni nyumba ya wapangaji.

"Na wewe?" nilimuuliza. "Ulipopiga, uliona nini?"

Alinitazama kwa yale macho ya bibi yake.

"Mimi nakuona wewe. Pengine mimi peke yangu."

Ningeshiba kwa hayo kama ningekuwa mtu wa kushiba.

*

Bi Chiku alipiga hodi mchana, maana hakuna wakati mwingine. Alikuwa amezeeka vizuri, kama kitasa cha shaba. Alikaa kwenye mkeka bila kungoja kukaribishwa mara ya pili, akaweka mkoba wake mapajani.

"Chama kinakufa, Bwana Kivuli," alisema. "Uchaguzi ujao hatufiki hamsini. Nimepita nyumba zote mia. Wananikaribisha, wananipa chai, wananiapia kwa watoto wao. Nikishafika hatua tatu nje, nawasikia wanacheka."

"Nasikitika sana," nilimwambia, na furaha ilinitoka hata puani.

"Wenzangu wanabishana kama watu hawakitaki Chama au hawamtaki Lugome. Mimi sina haja ya kujua. Wanachokitaka nimekiona kwenye karatasi. Kiko kushoto. Basi tutakihamishia kulia."

Ilinichukua muda kumwelewa. Alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayeelekeza njia ya posta. Mgombea wa Chama nitakuwa mimi. Picha yangu itaoshwa. Jina langu ataliandika upya katika kila daftari, kwa mkono wake.

"Na kwenye cheti cha binti yako," aliongeza. "Nasikia kuna mchumba wa tatu. Kijana mzuri, mfua bati."

"Bi Chiku," nilisema, "siku ile uliacha mstari mmoja."

"Niliacha." Hakupepesa jicho. "Niliambiwa niuache. Ukikaa wewe, nitasoma utakapotaka nisome, na nitaacha utakapotaka niache."

Mahali hapo mtu mwema angemfukuza. Angemshika mkono mzee yule, akamtoa mpaka barabarani, akarudi kukaa na weusi wake, angoje kura tisa zilizobaki. Niliyajua hayo. Nilijua vilevile kwamba kura zile tisa zingekuwa za saa na za mume na za ng'ombe, na kwamba siku ambayo zingemwangusha Lugome, hakuna ambaye angesema ni mimi niliyemwangusha. Nilitaka aanguke kwa mkono wangu. Nilitaka ajue. Nilimwambia Bi Chiku nakubali kwa ajili ya Zamda, ili mwanangu aolewe ana baba. Nilimdanganya, na nilimdanganya bure, kwa maana hapo hapo nilitoa sharti moja na halikumtaja Zamda.

"Brashi niishike mimi."

"Nilijua," alisema Bi Chiku. Alifungua mkoba. Kikopo kilikuwamo, kile kile, na masizi yalikuwa yameshakorogwa.

*

Walimleta Lugome katika ukumbi ule ule. Sijui kama palikuwa pamepita chaguzi saba au dakika saba. Viti vilikuwa vile, safu ya mbele ilikuwa ile, na kwa kitambo niliona mtu ameketi pale amejishika mashavu, nikashindwa kujua ni nani kati yetu. Picha yake ilitundikwa ubaoni. Mtu mwenyewe alikuwa kando yake, amelegea mashavu, kanzu inampwaya. Bi Chiku alikishika kikopo.

Nilichovya. Nilianzia machoni.

"Mshamu," alisema Lugome.

Brashi ilisimama. Tangu mama aanguke hakuna mdomo uliokuwa umenitamkia jina langu. Nilikuwa nimelingoja kwa kiu ya chaguzi saba, na likaja kutoka kinywani mwake yeye. Nilimchukia zaidi kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

"Mshamu, nikwambie kitu. Siku ile nilipokupaka wewe, nilidhani nitalala."

"Ukalala?"

Alitikisa kichwa kukataa. Nikampaka mdomo. Kisha mashavu, kisha paji la uso, na kila nilipopaka watu walipiga makofi. Makofi yale nilikuwa nayajua tangu zamani, ila mara hii yalikuwa matamu. Niseme kweli, yalikuwa matamu sana. Nilirudia kupaka mahali palipokwisha kupakwa.

Picha yangu iliyooshwa kwa mafuta ya taa ilitoa kijana mwenye kola iliyonyooshwa. Niliona fahari. Nilimpelekea Zamda, akaishika na ncha za vidole vyake vyeusi, akaigeuza, akairudisha.

"Huyu simjui," alisema.

Aliolewa wiki hiyo, kama ilikuwa wiki. Kadhi alifungua kitabu na mara hii hakukifunga. Nilimshika mkono yule mfua bati nikamwozesha Zamda binti Mshamu, na jina langu lilisikika kwenye kipaza sauti mpaka barabara ya tatu. Zamda aliitikia, akalia. Nilisema ni furaha, maharusi hulia. Nilipotoka nje kusalimiana na wageni niliwaona wanatembea bila vivuli, nikainua macho. Jua lilikuwa limerudi utosini. Mzee Kibwana alikuwa anafunga kibanda chake, na aliponiona aliniamkia kwa kuinama sana, zaidi ya tulivyozoeana.

*

Uchaguzi wa nane Bi Chiku alisoma hesabu kwa sauti ile ile. Mimi nilikuwa kwenye kiti. Kushoto kwangu, kwenye kigoda, ameketi Lugome, mikono magotini, anatazama vumbi.

"Ndugu Mshamu, kura tisini na saba."

Uwanja ulilipuka. Kofia zilirushwa juu. Walikuwa wakiimba wimbo wa zamani na jina langu limechomekwa ndani yake, na lilikaa sawasawa, silabi tatu mahali pa tatu, bila hata kuvuta. Nilisubiri shangwe ile iniingie. Nilikuwa na nafasi kubwa ndani, pale palipokuwa pamejaa zile hapana. Shangwe ilipita nje yangu, ikaenda zake.

"Kivuli, kura tatu."

Hiyo iliingia. Tatu. Niliihisi kwenye mbavu na chini ya kucha, mahali pale pale, lakini sasa ilikata. Baada ya yote niliyoyapitia! Watu wale nimewarudishia uso, nimewaondolea mzee wao waliyekuwa wamemchoka, nimewapa walichokipigia kura, na bado kuna watu watatu waliosimama nyuma ya pazia na kukataa. Kumkataa nani? Kwa lipi? Nimewakosea nini?

Bi Chiku alikuwa ameinama juu ya karatasi. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho.

Ndipo Zamda alipotoka kwenye umati. Hakungoja kupangwa mstari. Alivuka kiwanja peke yake, amevaa kanga ya harusini, na askari walimpisha kwa kuwa ni binti wa Mwenyekiti. Alisimama mbele ya kiti. Kisha akainua mkono juu ya kichwa, kidole cha shahada kimenyooka, wino ukimetameta juani juu ya weusi wa piko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," nilisema.

"Mmoja ni mimi. Nimekuja kukwambia mwenyewe usisumbuke kutafuta."

"Zamda. Mwanangu. Umempigia Lugome? Umempigia mtu aliyemuua bibi yako?"

"Sijui ni nani aliyemo mle. Kumepakwa, hakuonekani. Mimi nilimpigia baba yangu."

Mtu mmoja alikohoa. Lugome aliinua uso kutoka kwenye vumbi, akanitazama, na nilikumbuka jinsi kigoda kile kinavyoona vizuri. Zamda alikuwa hajashusha mkono. Jua lilimpiga utosini, na chini ya miguu yake hapakuwa na kitu, ardhi tupu nyeupe. Ningeweza kusema neno moja. Ningeweza kumwambia Bi Chiku, soma mstari, hesabu imekwisha, tukale. Mdomo niliupata upya, jina nililipata upya, sauti ilikuwa yangu na hakuna sheria iliyonizuia.

Nilimwinamia Bi Chiku.

"Hao wawili wengine ni nani?"